Punda Aliyekataa Miezi ya Ng'ombe

Ukipita Kasulo leo, ukamkuta seremala aliyeahidi kumaliza mlango Jumatatu na sasa ni Ijumaa ya wiki nyingine, utamsikia mwenye mlango akilalamika, "Hii kazi imekuwa mimba ya punda wa Mama Mifugo." Watu watacheka, seremala atajikuna kichwa, na mlango utaendelea kungoja. Wengi wanaousema msemo huo hawajui ulikotoka. Basi Mama Mifugo ni mimi. Punda alikuwepo, mimba ilikuwepo, na aibu niliibeba mimi mwenyewe kutoka sokoni mpaka kanisani.

Nyie vijana mliopangiwa kata za huku mmekuja kuniuliza habari za kazi, na naona mmeshika kalamu mkidhani nitawatajia chanjo na dawa za josho. Hayo mtayasoma. Wekeni kalamu chini, kunyweni chai, mimi niwaambie habari za punda.

Kwanza mjue nani alinifundisha. Nilianzia Biharamulo, chini ya mzee mmoja Mhaya tukimwita Mzee Byabato, mtu mrefu asiyependa maneno. Siku yangu ya kwanza kwenda naye kijijini tulikuta ng'ombe amelala, hataki kuinuka. Mimi na mkoba wangu mpya nikapima homa, nikachungulia macho, nikataja magonjwa matatu kwa majina yake ya darasani, na mwenye ng'ombe akazidi kukunja uso kwa kila jina. Mzee Byabato akachuchumaa, akainua mguu wa nyuma, akachomoa mwiba. Ng'ombe akasimama. Njiani kurudi hakunisema hata kidogo, ila tulipofika ofisini akaniambia, "Koleta, mnyama anaanzia chini." Basi mpaka leo nikifika kwa mtu, kabla sijaangalia tumbo wala macho, naangalia kwato. Hata nyie nilipowafungulia mlango nimeanza na viatu vyenu. Wawili wenu hamjawahi kukanyaga zizi.

Sasa, miaka ya wakimbizi. Mlikuwa hamjazaliwa, na mnaosikia ni yale ya kutisha tu. Yalikuwepo, sikatai. Lakini kwa sisi tuliokuwa na kazi za kila siku, wakimbizi walikuwa watu waliohitaji kuni, maji na ndizi, kama sisi. Miti ya karibu iliisha. Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba akawa anaondoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Soko lililokuwa na mafungu ya maharage na chumvi likawa na kila kitu, na kila kitu kilihitaji kubebwa. Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja, jina lake silitaji kwa sababu ninamwombea afe amesamehewa, akaleta punda kutoka upande wa Usukuma, wabebe kuni na ndizi kwenda kambini.

Huku kwetu Ngara punda hakuwa mnyama wa watu. Ng'ombe tunamjua, mbuzi tunamjua. Punda tulimjua kwenye picha ya Jumapili ya Matawi. Yule bwana aliwabebesha wale wanyama bila kuwatandikia hata gunia mgongoni, kamba ikakaa juu ya mfupa. Biashara ilipohamia kwingine akaondoka na waliokuwa na nguvu za kutembea. Mmoja akamwacha.

Huyo aliyeachwa alizurura akila alichokiona, na akaona vibaya, kwa maana aliona matuta ya viazi vya mama mkwe wa mtendaji wa kijiji. Nikaitwa. Nilikuta watu wamemzunguka, mgambo mmoja ana gobore begani, na katikati amesimama punda jike ambaye unaweza kuhesabu mbavu zake ukiwa barabarani. Mgongoni ana kidonda kinachoingia ngumi. Kwato zimerefuka mpaka zimepinda juu kama pembe za kondoo, hivyo anakanyagia visigino. Inzi sisemi. Hakujaribu kukimbia. Alikuwa amechoka na watu, na alikuwa amechoka na kuwaogopa pia. Nililia pale pale, mbele ya umma, na mtumishi wa serikali halii mbele ya umma.

"Mama Mifugo, usitulilie," mtendaji akasema. "Tumekuita uandike kwamba ni mgonjwa, mgambo amalize."

"Nipe nafasi nimtibu."

"Umtibu umpe nani? Hakamuliwi, haliwi, hatolewi mahari. Ni mnyama wa nini huyu?"

Nikafanya ninachofanya nikikosa jibu: nikamshika mnyama. Nikatazama miguu, nikapanda juu, nikafika tumboni. Tumbo lilikuwa kubwa, na watu wote walikuwa wamekubaliana kwamba ni minyoo. Nikaomba maji na sabuni, nikapima kama ninavyopima ng'ombe, mkono mpaka begani, na ndani kule kitu kikanisukuma.

"Ana mimba," nikasema.

Huku kwetu hata mtu mkali haui mnyama mwenye mimba, ni mwiko uliowazidi nguvu mtendaji na mgambo na gobore lake. Mtendaji akatazama chini, akatazama viazi vya mama mkwe wake, akasema, "Atazaa lini?"

Hapa, vijana, ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Nilikuwa nimezoea ng'ombe. Nikapima ukubwa wa kile kilichonisukuma, nikahesabu kwa miezi tisa ya ng'ombe, nikatoa jibu kwa sauti ya ofisi: "Maharage yakivunwa, huyu anazaa."

"Basi akae kwako mpaka azae," mtendaji akasema. "Akishazaa, ama ana mwenyewe wa kumchukua, ama namkabidhi mgambo. Sitaki punda wa kijiji."

Nikaondoka naye. Mwendo wa kutoka pale mpaka kwangu mzima wa afya anautembea akipiga mluzi, sisi tulifika jua limelala. Kila alipopumzika nilipumzika.

Kesho yake akaja Konsolata. Huyu alikuwa mkimbizi, mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo, Burundi, upande wa Muyinga, mjane mwenye binti mmoja mdogo. Walikuwa wakitoka kambini kutafuta vibarua vya kulima, na alibisha hodi kuniuliza kama nina palizi. Akamwona punda kwenye ua. Alimtazama miguu, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, "Huyu anatembea kama mimi nilivyofika." Hakungoja nimjibu habari ya palizi. Alichukua mundu uliokuwa umechomekwa ukutani akaenda kukata majani.

Tangu siku ile alikuja karibu kila siku. Mimi nilikuwa nazunguka vijiji, yeye ndiye aliyekuwa na mgonjwa. Alikula kwangu mchana, akaondoka na chumvi, sabuni, ndizi, chochote kilichokuwepo. Punda tukamwita Mgeni, kwa sababu tulikuwa tukijiambia kwamba hakai.

Kama mnataka kuandika, hapa andikeni. Kwato zilizorefuka hazikatwi siku moja. Mishipa ya mguu imeshazoea kule kupinda, ukikata zote kwa mara moja unamvunja miguu kwa wema wako. Tulimsimamisha kwenye tope asubuhi kwato zilainike, nikapunguza kidogo kwa kisu cha kwato za ng'ombe, nikalainisha kwa tupa niliyoazima kwa seremala. Wiki inayofuata kidogo tena. Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukapaka asali, na pembeni tukapaka mafuta ya mwarobaini kwa ajili ya inzi. Usikimbilie sindano wakati chumvi ipo.

Na chakula. Mnyama aliyekonda mlishe kama mgeni aliyetoka safari ya njaa, uji kwanza. Nyasi kavu, kidogo kidogo, maji ya kutosha. Niliwaeleza majirani wote hivyo. Wakaitikia wote. Siku niliyokwenda Rulenge kuchanja, jirani yangu mwenye huruma kuliko watu wote wa Kasulo akamletea Mgeni beseni zima la pumba za mahindi, akasimama kumwangalia akila, machozi ya furaha yakamtoka. Niliporudi Mgeni alikuwa amejiegemeza nyuma, hataki kukanyaga, kwato za mbele zina moto, maana pumba nyingi kwa mara moja humshukia punda miguuni. Tulimsimamisha mtoni, Konsolata amemshika kichwa, mimi namwagia miguu maji, siku ile na siku zilizofuata. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini nilipaka rangi kwenye kibao nikatundika mlangoni: USIMWONEE HURUMA.

Afya ikaanza kumrudia. Manyoya yaliyokuwa kama gunia yakalala. Siku moja aliinua masikio yote mawili kunitazama nikiingia, Konsolata akapiga makofi kama mtoto. Mambo yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri mpaka maharage yakavunwa.

Maharage yalivunwa, yakapukuchuliwa, yakaliwa. Mgeni alikuwa anakula nyasi, tumbo lake pale pale. Nikipita sokoni wauza vitunguu wananiuliza, "Mama Mifugo, kile kilichomo kimehamia wapi?" Mwingine anamjibu, "Kimeomba likizo." Nikapima tena, kipo, kinasukuma, kinaonekana hakina haraka. Kanisani, katekista wetu aliposoma habari ya kungoja kwa saburi, kigango kizima kiligeuka kuniangalia mimi. Nilitazama msalaba kana kwamba sijui wanachotazama.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Biharamulo kwenye kikao, na kule nje ya boma nikamkuta mwenzangu Lugembe, mtu wa Shinyanga aliyelelewa kwenye nyumba yenye punda. Nikamvuta pembeni kama mtu anayeuliza habari ya ugonjwa wa aibu. Lugembe alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Koleta, punda anabeba mwaka mzima. Na akipenda anaongeza."

"Anaongeza kwa nini?"

"Muulize yeye. Na msimkodolee macho. Mkimtazama anajizuia."

Chuoni habari za punda zilisomwa wiki ambayo mimi nilikuwa nimelala na malaria. Huo ndio utetezi wangu na nitazikwa nao.

Nilirudi na habari hiyo kwa mtendaji, nikidhani mtu akielezwa sayansi anaelewa. Hakunipa hata kiti.

"Ulisema maharage. Sasa unasema mwaka. Kesho utasema ni mimba ya kudumu." Alikuwa amekwisha kuchekwa yeye pia, maana kila aliyenicheka mimi alimcheka na yeye aliyeniamini. "Jumapili baada ya ibada kuna mkutano wa kijiji. Mimi mwiko nimeuheshimu, lakini watu sasa wanasema ni uvimbe. Atakayemtaka amchukue kabla ya hapo. Yeyote. Jumapili nikimkuta hana mwenyewe, mgambo atafanya kazi yake."

Zilibaki siku chache, na mimi mtumishi wa kuzunguka vijiji, wa kuhamishwa wakati wowote, sikuwa mtu wa kumfuga. Nilipanda gari kwenda Rulenge, nikamwomba padri mmoja mzee, nikamkumbusha kwamba punda ndiye aliyembeba Bwana. Akanisikiliza vizuri, akanipa chai, akasema, "Mama, sisi tuna lori." Nikamwendea mwenye mashine ya kusaga. Akauliza kama punda anatumia dizeli.

Ndipo nikamkumbuka Bibi Nyamwiza. Huyu bibi alikaa juu ya kilima, migomba yake ikishuka mpaka ukingoni mwa bonde, na kisima kiko chini kabisa ya bonde hilo. Zamani mumewe alikuwa na ng'ombe waliojulikana mpaka Biharamulo. Ng'ombe walikwisha, mume akafa, kaburi lake liko pale pale kwenye migomba. Bibi alibaki peke yake, nyonga zimechoka, kuni ziko mbali, maji yako chini. Mwanawe mkubwa aliyekaa Biharamulo mjini alikuwa amekwisha kupanga kuja kumchukua kabla ya mvua. Alimpenda mama yake, simlaumu. Lakini bibi alikuwa ameniambia kwenye kisima, ameketi juu ya jiwe anatweta, ndoo iko tupu, "Mwanangu, nikihamia mjini nitakuwa mtu wa kupewa maji. Bora nife nikiyachota."

Nikasema, haya, Mungu ana akili. Huku kuna mnyama asiye na nyumba, kule kuna nyumba isiyo na mnyama. Nikapanda kilima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na maneno gani, naona unatabasamu kama wa kampeni."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, na kwato, na kidonda kilivyopona, na mitungi miwili ya maji kila upande. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Punda," akasema.

"Hata Bwana Yesu, Bibi..."

"Bwana Yesu alimwazima tu. Hakumfuga." Akachukua jembe lake dogo, akaanza kuparua magugu yasiyokuwepo. "Tena nani ananipa?"

"Ni kama serikali, Bibi. Ofisi."

"Serikali haigabiri. Serikali inagawa. Nenda kagawe kambini, kule ndiko watu wamejipanga foleni. Mimi nilikuwa na ng'ombe."

Nyie mmekulia mjini, ngoja niwaeleze. Kwetu mnyama haingii nyumbani kwa mtu mwenye heshima kama kifurushi. Anagabirwa. Mtu anakuja na pombe ya ndizi na fimbo ya kuchungia, anasema mbele ya watu kwa nini anampa mwenzake mnyama huyu, na anayepewa anapokea fimbo. Tangu siku hiyo hao wawili ni ndugu. Mnyama akizaa jike, yule jike wa kwanza anarudi kwa aliyetoa, na undugu unaendelea. Desturi hiyo iko huku na iko ng'ambo, mpaka haukuikata. Bibi Nyamwiza hakuwa anamkataa punda. Alikuwa anakataa kuhurumiwa.

Nilishuka kilima nimevunjika moyo. Nikamkuta Konsolata anamsugua Mgeni kwa kigunzi cha hindi, nikamweleza yote, na kwamba Jumapili ndiyo mwisho. Mkono wake ukasimama.

"Ni bibi gani? Yule wa migomba iliyo juu ya bonde?"

"Huyo huyo."

Akakaa chini. Akaniambia kwamba walipovuka mara ya kwanza, kabla hakujawa na kambi wala hema, walilala kwenye migomba ile, yeye na mtoto, mvua inanyesha. Asubuhi bibi mmoja alitoka nyumbani, hakuuliza mmetoka wapi, akawakatia majani ya migomba wajenge kibanda, akawapa mkungu na sufuria ya kupikia. Walikaa pale mpaka walipohamishiwa kambini.

"Sufuria yake ninayo mpaka leo," Konsolata akasema. "Sikuirudisha."

"Miaka yote hii? Kambi iko hapo tu."

"Mama, chombo cha mtu kinarudi kitupu?" Alikuwa anatazama mikono yake. "Sikuwa na cha kutia."

Mgeni akampiga Konsolata kwa pua begani, aendelee kusugua.

Nilikwenda kwa mtendaji jioni ile ile. Nikamkuta anakula. "Ulisema yeyote atakayemtaka amchukue, ni wake?"

"Nilisema."

"Hata mkimbizi?"

"Hata padri," akasema. "Ila Jumapili nisimwone."

"Basi mwenyewe ni Konsolata," nikasema, na nikaondoka kabla hajamaliza kutafuna.

Jumamosi asubuhi tulipanda kile kilima. Konsolata alikuwa amevaa kitenge changu cha Pasaka, binti yake ameshika kamba, Mgeni amesuguliwa mpaka anang'aa. Mkononi Konsolata alikuwa na fimbo aliyoichonga mwenyewe, na kichwani, juu ya kata, amebeba ile sufuria. Ilikuwa imejaa pombe ya ndizi. Nilialika majirani wachache, kwa sababu jambo hili bila mashahidi si jambo.

Bibi Nyamwiza alitoka mlangoni, akatazama sufuria kabla ya kututazama sisi. Ilikuwa na kibonyeo pembeni, alikijua.

Konsolata alitua mzigo, akapiga magoti, akasema kwa lugha yao ambayo inasikilizana na yetu. Sitaweza kuyarudia yote. Alisema, nilikuja kwako nimelowa, ukanifunika. Nilikuja na njaa, ukanipa moto na cha kupikia. Sikuwa na baba hapa wala kaka, ukanifanya mtu wa nyumbani kwa siku zile. Leo nina mnyama. Mnyama huyu alikuja kama nilivyokuja, na ana mimba. Nakugabira.

Nilimwangalia bibi. Mtoaji alikuwa mtu asiye na ardhi hata ya kaburi, amevaa nguo ya kuazima. Lakini maneno yalikuwa kamili, na chombo hakikurudi kitupu. Mtu mwenye heshima atakataaje hapo?

Bibi alimwendea Mgeni. Akamkagua kama watu wake walivyokagua ng'ombe: mgongo, meno, halafu akainama kwa shida na nyonga zake zile, akashika mguu, akatazama kwato. Nilimkumbuka Mzee Byabato nikajikaza nisilie tena.

"Mnyama huyu ni wako?" akamuuliza Konsolata.

"Ni wangu, Bibi."

"Amelishwa." Akanigeukia mimi. "Mimba ya miezi mingapi?"

"Bibi, hapo usiniulize."

Alicheka, jamani. Yule bibi sikuwa nimemwona akicheka tangu mumewe afe. Akanyoosha mkono akapokea fimbo. "Akizaa jike," akamwambia Konsolata, "ni wako." Tukanywa pombe, na binti wa Konsolata akamzungusha Mgeni kwenye migomba kumwonyesha mipaka.

Kesho yake baada ya ibada mtendaji alisimama kwenye mkutano akasafisha koo. "Kuna suala la mnyama mzururaji." Kutoka nyuma ikainuka ile fimbo. Bibi Nyamwiza hakusimama hata kusimama. "Huyo ana kwao," akasema. "Endelea na suala la barabara." Mtendaji akaendelea na suala la barabara. Na mwana wa bibi alipokuja na gari kabla ya mvua, alimkuta mama yake anapanda kutoka bondeni na mitungi minne ya maji, na hajabeba hata mmoja. Alikula ndizi, akarudi Biharamulo peke yake.

Lakini Konsolata hakuona uzazi. Malori ya kuwarudisha kwao yalikuja mapema kuliko alivyotegemea. Alikuja kuniaga, tukakumbatiana, akanirudishia mundu wangu akiwa ameunoa. "Naondoka Tanzania mikono mitupu kama nilivyoingia," akaniambia, na alijaribu kulisema kama mzaha.

Mgeni alizaa asubuhi moja ambayo hakuna aliyekuwa anamtazama, kama alivyosema Lugembe. Bibi alitoka nje akakuta wako wawili. Alimtuma mtoto wa jirani aniite, nikapanda kilima mbio kwa umri wangu ule. Alikuwa jike, miguu mirefu kama ya meza, amesimama.

"Ni wa Konsolata," bibi akasema kabla sijavuta pumzi.

Nilidhani ni maneno ya furaha tu. Sikuwa nimemjua vizuri. Yule mtoto alikua, akawa punda mzima mwenye nguvu kuliko mama yake, na bibi hakuwahi kumtwika hata kikapu. Mgeni alipochubuka bega nikamwambia apumzishwe, bibi alirudi kubeba ndoo yake kichwani, huku punda mzima asiye na kazi anamfuata nyuma mpaka kisimani na kurudi. Watu walimcheka. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Bibi, Konsolata hayupo, mtumie tu huyu."

"Wewe ungeazima kitu cha mtu bila kumuuliza?"

Miaka ikapita. Kambi zikafungwa, vichaka vikaanza kurudi, mtendaji akahamishwa. Nilikuwa karibu kustaafu. Siku moja ya soko nikasikia hodi, nikamkuta mwanamke amesimama mlangoni na msichana mrefu. Nikamtazama miguu kwanza, kama kawaida yangu, nikaijua. Alikuwa amevuka mpaka kuja kutusalimia tu. Kule kwao walikuwa wamepata tena kipande cha shamba la mumewe, kiko mlimani, maji yako mbali. Alileta maharage kidogo ya kwao. Sikumwambia kitu. Nikasema, twende tukamwone bibi.

Bibi Nyamwiza alikuwa ameketi nje, amezeeka sana. Konsolata akapiga magoti kusalimu. Bibi alimkodolea macho, akamshika uso kwa mikono yote miwili, halafu akamwachia.

"Mbona umechelewa hivi? Mnyama wako amekula nyasi zangu miaka yote hii bila kazi."

"Mnyama gani, Bibi?"

Bibi akaonyesha kwa fimbo. Ilikuwa fimbo ile ile. Kwenye migomba walikuwa punda watatu: Mgeni, na binti yake, na mtoto wa binti yake, aliyeachiwa na dume la wachuuzi waliopita, ananyonya. "Yule ni mama yake, wangu. Hao wawili ni wako."

Konsolata akainuka. Alikwenda mpaka walipo, akagusa mgongo wa yule jike, mgongo ambao haukuwahi kuchubuliwa na kamba, akapitisha kiganja kutoka shingoni mpaka mkiani. Halafu akalia kwa sauti, na binti yake akashtuka akamshika. "Siku zote nilikuwa nawaambia watu niliondoka mikono mitupu," alikuwa anasema. "Siku zote nawaambia."

"Basi kawaambie vizuri," bibi akasema.

Niliwatengenezea kibali cha kupita na wanyama, na asubuhi walishuka barabara ya kwenda mpakani, mtoto wa punda akikimbia mbele na kurudi. Mimi na bibi tulisimama ukingoni mwa migomba tukiwatazama. Nilitaka kusema jambo la maana, maana mtu wa kazi yangu hapewi siku kama ile mara mbili. Bibi alikuwa ameshageuka. Alifunga mitungi juu ya Mgeni, akakaza kamba juu ya gunia lililokunjwa vizuri, akainama akatazama kwato moja moja, akachukua fimbo yake.

"Twende, mwenzangu," akamwambia. "Maji hayajileti."